Kuishi viungani mwa jiji na watoto wadogo: nyota 3 kati ya 5

Nianze na hukumu. Kwa familia ambayo mzazi mmoja anashinda nyumbani, au kazi yake haiko katikati ya jiji, kiunga nakipa nyota 4. Kwa wazazi wawili wanaokwenda mjini kila siku huku mtoto hajafika miaka 5, nakipa 2. Nyumba ni ileile na ua ni uleule. Kinachotofautiana ni saa.

Kwa hiyo fanya hesabu kabla hujamsikiliza dalali. Pima safari mlango kwa mlango, Jumanne asubuhi na Ijumaa jioni, tena kwa usafiri utakaoutumia kweli, maana dakika anazotaja dalali ni za Jumapili. Tuseme unakohamia kunaongeza dakika 50 za kwenda na 50 za kurudi. Kwa siku 22 za kazi hizo ni dakika 2,200, karibu saa 37 kwa mwezi: wiki nzima ya kazi, na huyo ni mzazi mmoja tu. Chukua kodi utakayookoa, toa nauli au mafuta yaliyoongezeka, toa malipo ya mlezi atakayekaa na mtoto muda huo wote, kisha kinachobaki gawa kwa 37. Mara nyingi utapata ujira ambao mahali pengine ungeukataa.

Hesabu ya pili ni ya usingizi, na hii watu huisahau. Mtoto wa miaka 3 au 4 anahitaji kulala saa 10 hadi 13 kwa siku, pamoja na kausingizi ka mchana. Gari la shule likipita saa 11 na nusu alfajiri, lazima awe kitandani kabla ya saa 2 usiku. Mzazi anayeshuka kituoni saa 2 na nusu atamkuta mwanawe amelala, Jumatatu mpaka Ijumaa. Ndiyo maana mimi hutafuta chekechea kwanza, nyumba baadaye. Iwe upande wa nyumbani, mahali pa kutembea kwa miguu, na ifungwe baada ya saa ambayo unaweza kufika hata siku ya foleni mbaya. Chekechea iliyo karibu na kazini inavutia, hadi siku unayougua wewe na hakuna wa kumsafirisha mtoto hadi huko.

Maji sasa. Nenda saa 12 asubuhi, fungua bomba, weka ndoo ya lita 20 na uhesabu. Hakikisha ni bomba linalotoka moja kwa moja kwenye mita, aghalabu lile la uani. La jikoni huenda linalishwa na tangi la juu, na hilo litakudanganya. Ndoo ikijaa ndani ya dakika 2, vizuri. Ikipita dakika 5, usitegemee maji hayo yapande tangini bila pampu, na hapo umeme ukikatika maji nayo yamekatika. Watu 4 kwa lita 80 kila mmoja ni lita 320 kwa siku, na nepi za kufua ongeza ndoo 2 au 3. Maji yakitoka mara 2 kwa wiki, pengo linaweza kufika siku 4, yaani lita 1,500 hivi. Tangi la lita 1,000 ambalo wenye nyumba wengi hulionyesha kwa fahari halitoshi. Udai la lita 2,000.

Kama ni kisima, kiwe angalau mita 30 kutoka shimo la choo, na upime hadi shimo la jirani pia, kwa sababu maji ya chini ya ardhi hayajui uzio. Mwenye mtoto wa chupa aliye chini ya miezi 6 apeleke maji maabara yapimwe naitrati, kemikali iliyo hatari kwa watoto wachanga kama huyo. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 50 kwa lita. Kuchemsha kunaua vijidudu, lakini naitrati haitoki, tena maji yanavyopungua sufuriani ndivyo inavyozidi kukolea.

Mtandao wa simu ujaribu chumbani ukiwa umefunga mlango, usijaribu uani.

Halafu barabara. Hesabu njia za kutoka mtaani. Ikiwa ni moja na inapita bondeni au juu ya kalavati, waulize wenye maduka, si mwenye nyumba, msimu uliopita ilifungwa mara ngapi na kwa muda gani. Angalia na kuta: rangi mpya iliyopakwa kutoka chini hadi usawa wa magoti, huku juu ukuta umechakaa, inakuonyesha maji yalifika wapi. Nalisisitiza hili kwa sababu ya hospitali. Tafuta kituo kinachofungua usiku kucha na chenye oksijeni, kisha agiza gari saa 8 usiku uone litachukua dakika ngapi, au kama dereva atakubali kuja kabisa. Mimi sizidishi dakika 30 kwa jumla, kungoja na safari pamoja.

Uzuri wake upo, na si mdogo. Mtoto anapata pa kukimbia, usiku ni kimya, na mara nyingi wanaohamia huko ni familia changa kama yenu, hivyo wenzake wa kucheza hawakosekani. Lakini ule uwazi unaoupenda leo ni viwanja vya watu, na vitajengwa. Tembea hatua 200 kila upande. Utakuta misingi iliyochimbwa ikaachwa ikajaa maji, na mashimo ya maji taka yaliyofunikwa kwa mbao. Kwa mtoto anayetambaa sentimita chache za maji zinatosha kumzamisha. Malori ya kokoto nayo yatapita mlangoni kwa miaka; lori la mwendo wa kilomita 50 kwa saa linahitaji takriban mara 2 ya umbali wa lile la 30 kabla ya kusimama, kwa hiyo geti lenye komeo juu, mahali mtoto hafiki, ni la siku ya kwanza.

Ukiweza, kwanza chukua mkataba wa miezi 3, hata kodi ikizidi kidogo, na uchague miezi ya mvua. Kiangazi kila kiunga kinapendeza.