Kaneloni za nyama na jibini: mirija mikavu au chapa za kukunja?

Kaneloni ni pasta ya Kiitalia inayojazwa nyama na kuokwa kwenye sosi: ama mirija iliyo tayari, ama chapa, yaani vipande bapa vya pasta unavyoviringisha mwenyewe. Mirija mikavu ya dukani inavutia kwa sababu huhitaji kuichemsha. Ukishaikaanga nyama ya kusaga na vitunguu, iache ipoe, changanya na jibini, tia kwenye mfuko wa plastiki, kata kona na ukamulie ndani. Hapo ndipo kazi ilipo: mrija ukipasuka, nyama inamwagika, na ukijaza nusunusu unabaki na shimo katikati. Tena mirija hiyo inakunywa mchuzi. Sosi ya nyanya iwe nyepesi na ifunike kila kitu, la sivyo ncha zitatoka ngumu kama vijiti.

Mimi nachagua chapa. Kanuni ya Waitalia ni yai 1 kwa gramu 100 za unga. Kanda, pumzisha nusu saa, sukuma mpaka uone kivuli cha mkono wako kupitia unga, kata vipande vya mstatili, chemsha dakika moja au mbili, kausha juu ya kitambaa safi. Weka nyama ukingoni, viringisha, panga sehemu ya kiungo ikitazama chini. Wakatalunya, watu wa jimbo la Katalunya nchini Hispania, hufanya hivyo tarehe 26 Desemba, wakisaga nyama ya kuoka iliyobaki Krismasi na kuifunika kwa sosi nyeupe ya maziwa.

Zote huoka kwa nyuzi 180, mirija kama dakika 40, chapa 25. Huna muda wa kukanda? Chukua chapa kavu za lazanya (pasta bapa ya dukani), chemsha, viringisha vilevile.