Bodi ya kwanza ya mikrokontrola: anza kuikagua kwenye tundu la USB

Malalamiko ninayoletewa na wasomaji wanaoanza kujifunza mikrokontrola (kompyuta ndogo iliyo ndani ya chipu moja) yanafanana mno: bodi imenunuliwa, taa yake inawaka, lakini kompyuta haioni chochote, au inaiona na programu inagoma kupakiwa. Mlalamikaji huamini kuwa bodi imekufa, na muuzaji hukubaliana naye upesi ili amuuzie nyingine. Ndiyo maana sitazungumzia kasi ya prosesa wala wingi wa pini, kwani kwa mtu anayewasha taa za LED au kusoma kipimajoto, bodi zote zilizoko madukani zinatosha na kubaki. Nitazungumzia njia inayopitwa na programu kutoka kwenye kompyuta hadi ndani ya chipu, kwa kuwa hapo ndipo wanaoanza hukwama na hapo ndipo wauzaji hunyamaza.

Chipu ya ATmega328P iliyomo kwenye bodi maarufu ya Arduino Uno R3 haielewi USB hata kidogo, hivyo bodi huwekewa chipu ya pili inayofanya kazi ya mkalimani. Kwenye Uno halisi kazi hiyo hufanywa na ATmega16U2. Kwenye nakala nyingi za bei nafuu hufanywa na CH340 ya kampuni ya Kichina ya WCH. Na kwenye bodi za ESP32 mara nyingi utakuta ama CH340 ama CP2102. Draiva ya chipu hiyo, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuitambua, ikikosekana kwenye Windows, bodi nzima huonekana mbovu ilhali haina tatizo lolote. Kwenye Ubuntu 22.04 hali ni ya ajabu zaidi: programu ya brltty, inayowasaidia wasioona kutumia vifaa vya nukta nundu, huidhani CH340 kuwa kifaa chake na kuinyakua, kisha mlango wa bodi (serial port, ambao kompyuta huwasiliana nayo kupitia kwake) unatoweka mara tu baada ya kuchomekwa. Kama huitumii programu hiyo, iondoe, halafu ujiongeze kwenye kundi la watumiaji liitwalo dialout ili upate ruhusa ya kuufungua mlango huo.

Kati ya bodi za kuanzia, nafasi ya kwanza naipa Raspberry Pi Pico, na sifichi kwamba naipendelea. Chipu yake ya RP2040 inaelewa USB yenyewe, bila mkalimani. Ukishikilia kitufe cha BOOTSEL huku ukichomeka waya, bodi hujitokeza kwenye kompyuta kama diski iitwayo RPI-RP2. Unanakili faili la UF2 (programu yako iliyoandaliwa kwa bodi hiyo) ndani yake, diski inatoweka, na programu inaanza kufanya kazi. Sehemu inayosimamia hatua hiyo imechongwa ndani ya chipu na haifutiki, kwa hiyo programu mbovu uliyoandika haiwezi kukufungia mlango wa kuingiza nyingine. Pico moja inaweza hata kugeuzwa kuwa kifaa cha kusaka hitilafu ndani ya Pico nyingine kupitia pini za SWD, zilizotengwa kwa kazi hiyo, ukaisimamisha programu mstari kwa mstari na kuona kilichomo kwenye kumbukumbu. Ina kasoro zake: majina ya pini yameandikwa upande wa chini, yanapofichika bodi ikishachomekwa kwenye ubao wa majaribio (breadboard), na pini zenyewe ni za volti 3.3, hivyo ishara ya volti 5 inaweza kuiharibu. Nunua Pico H, ambayo pini zake zimeshachomelewa kiwandani. Wanaozisukuma pini bila kuzilehemu hupata mguso unaokuja na kupotea, wakapoteza jioni nzima wakikagua programu isiyo na kosa.

Ya pili ni Arduino Uno R3 halisi, kwa kuwa inavumilia volti 5 na mifano yake ya mafunzo ni mingi. Skrini ikiandika “not in sync” unapopakia programu, kabla ya jambo lolote chomoa waya zilizoko kwenye pini 0 na 1, maana ndizo njia zilezile zinazotumika kupakia programu.

ESP32 naiweka ya tatu, ingawa ina Wi-Fi na Bluetooth, kwa sababu humchosha anayeanza. Ikishindwa kuunganishwa, shikilia kitufe cha BOOT wakati nukta zinajipanga kwenye skrini. Tatizo likijirudia, kapasita ya mikrofaradi 10 kati ya pini ya EN (ya kuwasha na kuzima chipu) na GND (ya ardhi) mara nyingi humaliza kazi. Ujumbe wa “Brownout detector was triggered” unamaanisha kuwa umeme umeshuka, hasa Wi-Fi inapowaka, na wa kwanza kushukiwa ni waya wa USB.

Nakala za Arduino Nano za bei ya chini zinafaa kwa aliye tayari kuchagua “Old Bootloader” (toleo la zamani la programu ndogo inayopokea programu yako) kwenye menyu ya Arduino IDE na kutafuta draiva mwenyewe.

Kuhusu waya wa USB nina uchungu wa kweli. Nyingi zinazouzwa Kariakoo, Dar es Salaam, na Luthuli Avenue, Nairobi, zina nyaya mbili za umeme tu, bila zile mbili za data, kwa hiyo taa ya bodi inawaka na kompyuta haijui lolote. Ijaribu kwa simu kwanza: kama mafaili ya simu hayaonekani kwenye kompyuta hata baada ya kuruhusu uhamishaji wa mafaili, waya huo haufai. Pico ilizinduliwa mwaka 2021 kwa dola 4, nami naelewa kuwa usafiri na ushuru huongeza bei. Nisichokubali ni mteja kutozwa mara kadhaa ya kiasi hicho, akapewa waya wa kuchajia, na akiuliza chipu ya USB ni ipi ajibiwe kwamba zote ni sawa. Muuzaji anayekataa kuichomeka bodi kwenye kompyuta mbele yako, kwa waya uleule anaokuuzia, usimpe fedha yako.