Vidole vilijua kabla ya maabara: nilivyopimwa kingamwili za baridi yabisi

Kijana wa maabara alinifunga mpira mkononi, akapapasa mshipa, akasema, "Kunja ngumi, mama." Nikamjibu, "Ingekunjika nisingekuja hapa, mwanangu." Akacheka kidogo, kisha akaviangalia vile vidole na kicheko kikaishia hapo. Damu akaitoa kiganja kikiwa wazi.

Hicho kilikuwa kipimo changu cha pili. Cha kwanza ndicho chenye kesi.

Miezi mitano kabla ya hapo nilikuwa naamka vidole vimekakamaa kama vimegandishwa kwa gundi, na havilegei mpaka saa nzima ipite. Kufunga vifungo vya blauzi ikawa shughuli. Ufunguo wa mlango niliuzungusha kwa viganja viwili. Nikaenda kliniki, nikaandikiwa "kipimo cha baridi yabisi", nikakaa na njaa tangu usiku bila kuulizwa na mtu (bure kabisa, kingamwili, yaani protini za kinga zinazotafutwa kwenye damu, hazijali umekula au hujala). Majibu yakaja: RF (rheumatoid factor, mojawapo ya kingamwili hizo) 9, na kikomo cha kawaida kwenye karatasi ile ni 14. Hasi. Nikaambiwa sina baridi yabisi, ni uchovu na umri, nikaondoka na vidonge vya maumivu.

Kipimo chenyewe sikilaumu. Kiliulizwa kama RF imepanda, kikajibu haijapanda, na ni kweli. Malalamiko yangu ni kwamba karatasi ilisomwa na mikono yangu haikuguswa. Na mimi pia niliiamini ile karatasi kuliko vidole vyangu, miezi mitano mizima.

Baadaye ndipo nikajifunza kilichopimwa. RF ni kingamwili inayozigeukia kingamwili nyingine za mwili huo huo. Ni kipimo cha zamani: Erik Waaler wa Norwei aliandika habari zake mwaka 1940. Kati ya wagonjwa 10 wa baridi yabisi, kama 7 hivi ndio wanaokutwa nayo. Waliobaki wanaumwa vilevile. Tena RF huweza kupanda kwa mwenye homa ya ini aina ya C, mwenye kifua kikuu, au mzee asiyeumwa na kitu. Shangazi yangu yake iko juu kidogo kwa miaka sasa, na katika kushona ananishinda kwa mbali.

Daktari wa pili, wa viungo, hakuanza na karatasi. Alikibana kiganja changu kwa ubavuni, pale vidole vinapoota, nikaruka kwenye kiti. Akahesabu vifundo vilivyovimba, sita, vyote vidogo. Ndipo akaandika anti-CCP, RF tena, pamoja na CRP na ESR za kuangalia uvimbe.

Hiyo anti-CCP alinieleza vizuri. Katika baadhi ya protini za mwili, kijenzi kiitwacho arginini hugeuzwa kuwa kingine, sitrulini. Kwa watu kama mimi, kinga inaziona protini hizo kama mgeni aliyeingia bila hodi, inaziundia kingamwili. Aliniuliza kama navuta sigara, kwa sababu sigara inahusishwa sana na jambo hili. Sivuti, ila niliishi na mvutaji. Kwa kuwakamata wagonjwa, anti-CCP haiipiti RF kwa mbali. Ubora wake uko kwingine: katika watu 100 wasio na ugonjwa huu, takriban 95 hutoka hasi. Ikitoka chanya, ina uzito.

Yangu ilizidi 200, kikomo kikiwa 20. RF ikabaki hasi.

Alinionyesha hesabu ya vigezo vya mwaka 2010, ambavyo mtu akifikisha alama 6 kati ya 10 anahesabiwa kuwa na baridi yabisi. Vifundo vyangu, alama 3. CRP iliyopanda, 1. Kuumwa wiki sita au zaidi, 1. Jumla 5. Kwa RF peke yake ningekwama hapo, alama moja nje ya mlango. Anti-CCP iliyozidi kikomo mara tatu inaongeza 3, nikafika 8. Akanitahadharisha kwamba vigezo hivyo vilitungwa hasa kwa ajili ya utafiti, na hata RF na anti-CCP zote mbili zingetoka hasi asingenirudisha nyumbani na mikono ile, kwani wapo wagonjwa wasio na kingamwili yoyote kati ya hizo.

Unayekwenda kupima, uliza fomu yako imeandikwa nini hasa. Jina "kipimo cha baridi yabisi" linaweza kuwa RF tupu. Kama unameza vidonge vya nywele na kucha vyenye biotini, sema mapema, vinaweza kuvuruga baadhi ya mashine. Na usilinganishe namba za maabara mbili. Kila moja ina kikomo chake.

Mdogo wangu alitaka naye apimwe, maana kingamwili hizi huweza kuonekana miaka kadhaa kabla ya maumivu. Daktari alimuuliza kama kuna kiungo kilichovimba. Hakuna. Akamwambia arudi kikivimba, asije akajinunulia usingizi wa mashaka.

Nimeanza methotrexate, dawa ya kuituliza kinga, mara moja tu kwa wiki, na asidi ya foliki. Baada ya miezi mitatu niliomba anti-CCP irudiwe nione imeshuka kiasi gani. Daktari akakataa: namba hiyo si ya kufuatilia dawa, inaweza kubaki juu hata mgonjwa akipata nafuu. Aliagiza CRP, akanyoosha mkono kuupokea wangu. "Kunja ngumi, mama." Ikakunjika, isipokuwa kidole cha kati cha kulia.