Kikombe cha Hagi ni kizuri mno, aliyeniuzia ndo hana adabu

Kikombe chenyewe sina ugomvi nacho, niliseme hilo mapema kabla hasira haijanipeleka mbali. Ugomvi wangu ni na aliyeniuzia.

Naishi huku Japani kwa kazi, na vikombe vya sake, pombe yao ya mchele, vya Hagi, mji wa huku unaosifika kwa ufinyanzi, nilikuwa naviangalia tu madukani navipita maana bei yake si mchezo. Hivi karibuni nikajikaza, nikaagiza kimoja onlaini, guinomi, kile kinachojaa kiganjani, kimefinyangwa kwa mkono, na kikaja kwenye boksi lake la mbao lenye sahihi na muhuri wa fundi. Aisee, kazi ipo! Upande mmoja rangi yake ni pinki inayoelekea njano, ukikigeuza unakuta utando mweupe mzito wa majivu ya mabua ya mpunga, umetiririka ukagandia njiani kabla haujafika chini, na ukipapasa vizuri unaipata sehemu ambayo fundi alikishika wakati anakichovya kwenye utando huo, kidole chako kinakaa palepale kilipokaa chake. Mdomo wake hauko sawasawa, umepinda kidogo, ukikizungusha unafika mahali ambapo midomo yenyewe inaridhika. Kitakoni kuna pengo limekatwa kwa kisu, mara moja tu, halikurudiwa. Hilo pengo ni la Hagi tangu zamani, wapo wanaosimulia kwamba vyombo vizima vilikuwa vya bwana mkubwa peke yake, kwa hiyo wafinyanzi wakawa wanavitia dosari makusudi ili wapate kuwauzia watu wa kawaida. Simulizi hiyo, ila naipenda.

Basi jioni yake nikapasha sake, nikamimina, nikanywa taratibu, kidogo kilichobaki nikakiacha humo nikalala. Asubuhi nakuta duara la maji mezani, meza ya mbao, na doa lipo mpaka leo. Nikamulika na tochi ya simu nje na ndani, hakijapasuka, ni vile vinyufa vyembamba kama nywele vya juujuu tu. Nikatia maji nikakiweka juu ya tishu, haikuchukua muda tishu ikalowa.

Nikamwandikia muuzaji kwa heshima zote, nikaanza na samahani kwa usumbufu kama wanavyoanza watu wa huku, nikaambatanisha na picha. Jibu lake sasa: wateja wanaoijua Hagi hawaulizi swali hilo, kama nataka kikombe kisichovuja ninunue cha glasi, na wageni mara nyingi vitu hivi hawavielewi. Basi, imeisha hiyo. Hakuna pole, hakuna hata mstari mmoja wa kunielekeza nifanye nini.

Aliyenielekeza ni bibi mmoja jirani yangu, nilimpelekea kikombe akakishika kwa mikono miwili, akakigeuza, akaangalia kitako kwanza. Akaniambia udongo wa Hagi ni mwepesi, una mchangamchanga, na tanurini hauivi mpaka ukakaza kabisa, unabaki na vitundu, halafu ule utando wa juu ukipoa unasinyaa kuliko udongo wenyewe ndo unapasukapasuka vile, kwa hiyo kinywaji kinapenya. Nikaelewa hapohapo, ni mtungi wa nyumbani unavyotoa jasho. Dawa yake kikombe unakichemsha kwa moto mdogo kwenye maji yaliyooshewa mchele, unakiacha kipoe humohumo, wanga unaziba vile vitundu. Kila unapotaka kukitumia unakiloweka kwanza kwenye maji safi, na ukimaliza unakianika kikauke kabisa kabla hujakirudisha kwenye boksi, la sivyo kinashika ukungu. Tena akasema usikate tamaa, kadiri unavyokinywea sake inaingia kwenye vinyufa na rangi inageuka mwaka hadi mwaka, watu wa Hagi wanaita mabadiliko saba na ndo wanachokipendea. Maelezo yote hayo hayakumaliza hata kikombe kimoja cha chai. Muuzaji kikaratasi cha mistari mitatu ndani ya boksi kingemgharimu nini?

Na hilo la wageni hawaelewi ndo limenikaa kooni. Hagi imeanzishwa na nani? Ni wafinyanzi wa Korea waliochukuliwa kwao wakati Hideyoshi, mtawala wa Japani, alipoivamia nchi yao, kati ya 1592 na 1598, ndugu wawili, Ri Shakkō na Ri Kei, wakaishia chini ya ukoo wa mabwana wakubwa wa Mōri, na Mōri walipohamia Hagi mwaka 1604 ndo matanuri yakaanza kuwashwa huko. Wale walikuwa wageni, tena hawakuja kwa hiari yao. Ufinyanzi ule na lile pengo la kitakoni asili yake ni Korea. Leo mtu anakula kupitia kazi iliyoletwa na wageni halafu ananiambia mimi mgeni sielewi!

Nikilikumbuka hilo moyo unachafuka, ilifika siku hata kikombe nikakichukia, nikasema hela yote ile kwa kitu kinachovuja ni wizi mtupu, nikakifungia kabatini. Nikakitoa tena. Tangu nikichemshe kwenye maji ya mchele kuvuja kumepungua sana, bado kinalowesha kidogo chini, nakiwekea kitambaa, na pale katikati ndani sake inapotuama vinyufa vimeanza kushika rangi ya kahawia hafifu, vinaonekana sasa vilivyosambaa, kabla sikuwa naviona. Kikombe nakipa nyota nne kwa sababu ya meza yangu. Hapana, meza ni deni la muuzaji, fundi hahusiki nalo, kikombe kina tano zake kamili.

Muuzaji juzi kanitumia meseji nimpe nyota tano kwa huduma. Nimempa moja, na yale maelezo ya maji ya mchele nimeyaandika hapohapo chini ya bidhaa yake, atakayenunua baada yangu ayakute.