Uzoefu wangu na moduli "inayofanya kazi kwenye mifumo yote"

Ukurasa wa moduli hii, yaani kipande cha programu cha kuongezwa kwenye programu nyingine, una sentensi moja iliyonipotezea muda mwingi kuliko msimbo wote niliouandika kwa ajili yake: kwamba inasakinishwa kwa amri moja kwenye Linux, Windows na macOS, kwa lugha ya programu ya Python, toleo la 3.8 na kuendelea. Jina lake silitaji. Aliyewahi kuisakinisha ataitambua kabla hajafika mbali, na ambaye hajawahi nisingependa aijulie kwangu. Kazi yake ni kusoma picha kubwa zilizoskaniwa na kuzisafisha kabla ya kutolewa maandishi, na kazi hiyo, nilitamke hili mapema nisije nikaonekana mwonevu, inaifanya vizuri kuliko nyingine zote nilizozijaribu. Shida ni kuiingiza kwenye kompyuta.

Kwenye Linux sina la kulalamikia. Ninatumia Debian 12, aina mojawapo ya Linux, na tangu toleo hilo la mwaka 2023 pip, programu ya kusakinishia moduli za Python, hairuhusiwi kuweka moduli ndani ya Python ya mfumo wenyewe. Ukijaribu, unakataliwa na kuelezwa kuwa mazingira hayo yanasimamiwa na mfumo. Wapo wanaoulaani mkatazo huo. Mimi, baada ya yaliyonipata, nimeanza hata kuupenda, kwa sababu ujumbe wake unaeleza kwa nini umezuiwa na ufanye nini badala yake: tengeneza mazingira pepe, yaani folda ya Python iliyotengwa na mfumo, kwa `python3 -m venv`, kisha usakinishe humo. Nikafanya hivyo, kifurushi kilichokwisha kukompailiwa, yaani msimbo wake kugeuzwa kuwa lugha ya mashine, kikashuka, na moduli ikaingia bila neno.

Lakini programu niliyoiandika haikuwa ya kutumiwa na mimi peke yangu. Mwenzangu mmoja kazini anatumia Windows, mwingine ana kompyuta ya Apple yenye chipu zinazotengenezwa na kampuni hiyo yenyewe, na wote wawili walipewa maelekezo mafupi yaliyotokana moja kwa moja na ukurasa wa moduli. Hapo ndipo ilipoanza kazi ambayo hakuna aliyenipangia.

Kwenye Windows, pip ilitafuta kifurushi kilichojengwa tayari kwa ajili ya mfumo huo na Python 3.12, haikukipata, ikachukua msimbo ghafi wa lugha ya C na kujaribu kuukompaili palepale. Windows haiji na kompaila ya C. Skrini ikajaa maandishi mekundu, ambayo mtu asiyeandika programu huyapokea kama taarifa ya msiba, na mwishoni kabisa kulikuwa na mstari unaodai Microsoft Visual C++ ya toleo la 14.0 au zaidi. Zana hizo za ujenzi hula gigabaiti kadhaa za diski. Mtu anataka kusafisha picha, anatakiwa kwanza asakinishe mitambo ya kujengea programu ambayo hataigusa tena maishani. Hata hivyo tulivumilia. Tulizipakua, tukazisakinisha, tukairudia amri, na mara hii ujenzi ukafika mwisho na terminali ikatangaza kuwa usakinishaji umefanikiwa.

Haukufanikiwa. Mara tu programu ilipoiita moduli, ilikufa kwa kosa lisemalo kwamba hakuna moduli inayoitwa `distutils`.

Naomba msomaji anivumilie hapa, kwa sababu hiki ndicho kilichonitoa katika kukereka na kunitia hasira. Maktaba ya `distutils`, ya kujengea na kusakinishia moduli, ilikuwa sehemu ya Python kwa miaka mingi. Toleo la 3.10, lililotoka Oktoba 2021, lilitangaza rasmi kuwa imepitwa na wakati na itaondolewa. Toleo la 3.12, Oktoba 2023, likaiondoa kama lilivyoahidi. Kwa hiyo watunzaji wa moduli yoyote inayoitegemea walipewa miaka miwili kamili, tena wakionywa kila walipoifanyia majaribio. Na moduli hii iliihitaji kwa jambo gani zito? Kwa kulinganisha namba mbili za matoleo tu, kazi ambayo maktaba nyingine ndogo inaifanya tangu zamani. Kwangu kosa halikuonekana kwa sababu Debian 12 ina Python 3.11, ambayo bado inayo. Anayesoma ile ahadi ya "3.8 na kuendelea" hana njia ya kujua kwamba kuendelea huko kuna ukuta.

Niliandika ripoti ya hitilafu. Niliiandika kwa adabu, nikataja mfumo, toleo la Python, ujumbe kamili wa kosa, mstari wenyewe ulio na tatizo katika msimbo wao, na hata namna ya kuubadilisha. Nilishukuru kwa kazi yao. Nilikuwa tayari kutuma marekebisho mimi mwenyewe endapo wangeyakubali. Baada ya kimya cha muda mrefu mtunzaji mmoja alijibu kwamba kwake inafanya kazi, kwamba Python yetu ni mpya mno, na kwamba nisome maelezo kabla ya kuwasumbua watu. Kisha akaifunga ripoti, na akaizuia isipokee maoni zaidi.

Nisome maelezo! Maelezo ndiyo yaliyonifikisha pale. Nimeyasoma hadi nayajua kwa moyo, na hakuna mahali yanapoitaja Python 3.12 kuwa ni mpya mno, wala yanapotaja kompaila, wala yanapotofautisha mfumo mmoja na mwingine. Kama Python ya mwenzangu ni mpya mno, pip ingezuiwa kuisakinisha moduli hiyo kwa mstari mmoja unaoweka kikomo cha juu cha toleo. Mstari huo haupo. Na huko "kwake" anakosema inafanya kazi ni wapi? Ni kompyuta moja, yenye mfumo mmoja, ambayo mwenyewe aliikamilishia zana zote siku nyingi zilizopita. Mtu anayetangaza mifumo mitatu kisha akajitetea kwa mmoja amekwisha kujibu swali ambalo hakuulizwa.

Kwenye kompyuta ya Apple habari ilikuwa tofauti kwa sura, si kwa tabia. Kifurushi kilichojengwa tayari kilikuwepo, ila cha chipu za zamani za Intel. Kwa chipu za Apple, ambazo zimo sokoni tangu mwaka 2020, hakikuwepo. Ikabidi kukompaili tena. Macho haya yaliona ujenzi ukisimama kwa sababu faili za kichwa za maktaba ya picha, zile zinazoieleza kompaila yaliyomo ndani ya maktaba, hazionekani, ilhali maktaba hiyo ilikuwa imesakinishwa kwa Homebrew, programu ya kusakinishia programu kwenye macOS. Sababu ni kwamba Homebrew huweka vitu vyake chini ya `/opt/homebrew` kwenye chipu za Apple, na chini ya `/usr/local` kwenye zile za Intel, na watunzaji waliiandika njia ya pili ndani ya faili ya ujenzi kana kwamba ya kwanza haijawahi kuwepo. Tuliivuka kwa kuielekeza kompaila kwenye njia sahihi kwa vigezo vya `CFLAGS` na `LDFLAGS`. Sikuandika ripoti ya pili.

Nilipotulia kidogo nilijaribu kuwa mwadilifu. Watu hawa hawalipwi, nami sikutoa hata senti. Kukompaili msimbo wa C kwa kila mfumo, kila aina ya prosesa na kila toleo la Python ni mzigo wa kweli, kwani hata Linux yenyewe si moja: kifurushi kilichojengwa kwa ajili ya mifumo inayotumia glibc, maktaba ya msingi ya C, hakiingii kwenye Alpine, aina nyingine ya Linux ambayo hutumia musl badala yake. Kwa moyo huo niliandika rasimu ya kwanza ya tathmini hii na kuipa moduli nyota tatu: moja kwa ubora wa kazi yake, moja kwa Linux, na moja kwa huruma.

Huruma hiyo haikudumu. Siku chache baadaye nilihitaji NumPy kwenye kompyuta zilezile, moduli ya hesabu yenye msimbo wa C mwingi mara nyingi zaidi ya huu, nayo iliingia kwenye mifumo yote mitatu bila kuuliza kompaila. Vifurushi vyake vimejengwa tayari na kuwekwa PyPI, ghala la mtandaoni la moduli za Python. Zana ya kufanya hivyo, cibuildwheel, ni huria na iko wazi kwa kila mtu, na zipo huduma zinazoipa miradi huria kompyuta za Linux, Windows na macOS za kujengea bila malipo. Lakini tuseme basi hawana muda wa hayo yote. Muda wa kuandika "tumeijaribu kwenye Linux tu" wanao. Ningeisoma sentensi hiyo, ningewashukuru, na wenzangu wangepewa programu iliyokwisha kuwekwa kwenye seva. Kutolipwa kunamwondolea mtu wajibu wa kunisaidia. Hakumpi ruhusa ya kunidanganya, wala ya kumfokea aliyemletea suluhisho mkononi.

Kwa yeyote anayekaribia kuwatumia wenzake moduli ya namna hii, asiuamini ukurasa wa mbele. Afungue orodha ya faili za kupakua kwenye PyPI na asome majina yake, maana majina hayo hayawezi kusema uongo: `win_amd64` ni ya Windows, `macosx` inayoishia na `arm64` ni ya chipu za Apple, `manylinux` ni ya Linux za kawaida, na `cp312` inamaanisha Python 3.12. Akiona faili ya `tar.gz`, yaani msimbo ghafi, peke yake kwa mfumo anaoutaka, ajue kuna kukompaili mbele. Vilevile `pip install --only-binary=:all:` huizuia pip isijaribu kujenga chochote, ili ishindwe upesi na kwa ujumbe mfupi. Na anayekwama kwenye hilo kosa la `distutils` asakinishe `setuptools` ndani ya mazingira pepe. Inaleta nakala yake ya `distutils`, na moduli itaamka. Mwenzangu wa Windows anafanya kazi hivyo hadi leo.

Ndiyo, bado tunaitumia. Sijapata nyingine inayosafisha picha kama hii, na jambo hilo linaniudhi kuliko yote. Hivi karibuni walitoa toleo jipya, nikalifungua kwa matumaini ambayo sasa nayaonea aibu. Wamebadilisha nembo. Mstari wa `distutils` upo palepale, na ahadi ya mifumo mitatu sasa imeandikwa kwa herufi kubwa zaidi. Zile nyota tatu nimezipunguza hadi moja, nayo ni ya Linux.