Breki za nyuma za pikapu: ngoma au diski?

Ubaya wa ngoma, yaani breki iliyofungiwa ndani ya kopo la chuma linalozunguka na gurudumu, porini ni kwamba kinachoingia hakitoki. Matope na mchanga hubaki ndani vikisaga breki shuzi (vipande vinavyobana ngoma kwa ndani) na ngoma yenyewe. Kirekebishaji, kinachosogeza shuzi karibu na ngoma zinapolika, kikishika kutu, pedali inashuka na hendibreki inavutwa hadi juu bila kukamata. Ukishavuka mto, kanyaga breki taratibu mara kadhaa ili zikauke; tafadhali usisubiri mteremko. Diski, sahani ya chuma inayobanwa na pedi, iko wazi, hivyo hujisafisha, hukauka upesi na hupoa vizuri zaidi kwenye mteremko mrefu.

Kwa gharama, ngoma inashinda. Shuzi hudumu, maana breki za mbele ndizo zinazobeba kazi kubwa, na hendibreki yake ikirekebishwa vizuri hushika mzigo mlimani. Pedi za diski huliwa haraka kwenye tope la mchanga, ingawa kuzikagua ni rahisi.

Kuhamia diski si kufunga diski tu: masta silinda (pampu kuu ya breki) na vali inayogawa nguvu mbele na nyuma lazima viendane nazo, la sivyo magurudumu ya nyuma yanaweza kujifunga mapema, na gari linaweza kuyumba vibaya. Anayepita matope na mito kila mara, gharama hiyo inamfaa. Wa njia kavu na mizigo, afungue ngoma mara kwa mara, azisafishe, abaki nazo.