Huduma ya kusafisha damu mjini Tabora: mashine ni nzuri, maelezo ni machache

Tathmini hii inahusu kitengo kimoja cha kusafisha damu kwa wagonjwa wa figo mjini Tabora, ambacho nimekifahamu kwa kumsindikiza mama yangu mdogo, mkazi wa Urambo mwenye kisukari cha miaka mingi. Sitakitaja kwa jina, kwa kuwa baadhi ya ninayoyalalamikia huenda yamekwisha kurekebishwa, na pia kwa kuwa msomaji anayetafuta huduma hii atanufaika zaidi akijua mambo ya kuyakagua popote atakapokwenda.

Nianze na maji, jambo ambalo ndugu wengi wa wagonjwa hawalifikirii kabisa. Mashine hupitisha damu upande mmoja wa utando mwembamba ulio ndani ya chujio, na upande wa pili hupita maji yaliyochanganywa na chumvi maalumu, kwa kawaida kiasi cha nusu lita kwa dakika. Hivyo awamu moja ya saa nne hutumia takribani lita 120, na maji hayo yote hukaribiana na damu ya mgonjwa kuliko maji yoyote atakayoyanywa maishani mwake. Klorini inayotufaa bombani huweza kupasua chembe nyekundu za damu ikipenya humo. Kwa hiyo maji ya bomba ya Tabora, hata yanapokuwa meupe kabisa, hayafai mpaka yapitishwe kwenye mtambo wa kuyasafisha. Nilipomwomba fundi wa kitengo anionyeshe mtambo huo, alinipeleka bila kusita, akanionyesha daftari la vipimo vya klorini ambalo hujazwa kabla ya wagonjwa wa asubuhi hawajaunganishwa. Daftari lilikuwa limejazwa mpaka siku ile. Kwangu mimi hiyo ni sifa kubwa kuliko vigae vipya vya ukutani au televisheni iliyowekwa mbele ya vitanda.

Wauguzi nao wanastahili kusifiwa. Mgonjwa hupimwa uzito anapoingia na anapotoka, kwa sababu kilo moja iliyoongezeka kati ya awamu mbili ni kama lita moja ya maji ambayo figo zimeshindwa kuyatoa, na mashine hupangiwa kutoa kiasi hicho na si zaidi. Ikitoa kupita kiasi, presha hushuka ghafla na misuli ya miguu hukaza kwa maumivu makali. Siku moja mama mdogo alikuja na uzito uliopanda, na mazungumzo yao nayakumbuka.

"Shikamoo mama. Jana umekunywa nini?"

"Marahaba mwanangu. Maji nimeonja tu, nimekunywa uji."

"Uji nao ni maji, mama. Na mchuzi je?"

Alicheka, akakiri na mchuzi. Muuguzi hakumkaripia. Alimwonyesha kikombe kidogo, akamweleza kwamba kila kinachomiminika kihesabiwe, na kwamba chumvi ndiyo inayoleta kiu, kwa hiyo kupunguza chumvi ya mboga kunasaidia kuliko kujikaza koo. Umeme ulipokatika siku nyingine na jenereta ikachelewa, niliwaona wauguzi wakisimama mara moja kando ya mashine, ambazo pampu zake ziliendelea kwa betri. Mmoja alinieleza kwamba betri ikiisha damu hurudishwa mwilini kwa kuzungusha pampu kwa mkono, na kwamba wote wamefundishwa kufanya hivyo.

Upungufu wa kwanza ni karatasi ya chakula. Wagonjwa wapya hupewa orodha inayokataza na kuruhusu vyakula ambavyo nusu yake havijawahi kufika soko la Tabora, huku ikinyamaza kabisa kuhusu matobolwa, karanga, mlenda, maharage na maembe, yaani vitu vyenyewe tunavyokula. Viazi vitamu vina potasiamu nyingi, na vikikaushwa maji hutoka lakini potasiamu hubaki, hivyo sahani ya matobolwa ni mzigo mzito kwa mtu ambaye figo zake hazifanyi kazi. Potasiamu ikizidi katika damu huweza kusimamisha moyo bila dalili ndefu. Mboga na viazi vibichi vikikatwa vipande vidogo, vikachemshwa kwa maji mengi na maji hayo yakamwagwa, sehemu ya potasiamu hutoka nayo. Dagaa wa Kigoma ni suala jingine: wanaliwa na mifupa yao, na mifupa ina fosforasi nyingi, lakini mgonjwa anayesafishwa damu anahitaji protini zaidi kuliko alivyohitaji kabla ya kuanza, kwa hiyo kumkataza samaki wote ni kumdhoofisha. Mnofu wa migebuka au wa sato, kwa kipimo, ungemfaa zaidi. Maelezo haya niliyapata kwa kumuuliza daktari mmoja mmoja mpaka nikaonekana msumbufu, wakati yangetosha kuandikwa kwenye ukurasa mmoja.

Upungufu wa pili ni mzito zaidi. Mama mdogo alianza kusafishwa kwa mpira uliowekwa kwenye mshipa mkubwa wa shingo, kama inavyofanyika kwa mtu anayefikishwa hospitali akiwa amezidiwa. Mpira huo ni wa dharura. Mdudu wa maradhi akipita hapo huingia moja kwa moja kwenye damu, na homa yenye kutetemeka wakati mashine inaendelea ni dalili isiyopaswa kusubiri kesho. Njia iliyo bora ni fistula ya mkononi, ambapo daktari wa upasuaji huunganisha mshipa wa ateri na wa vena ili vena ipanuke na kustahimili sindano. Fistula huhitaji wiki sita hadi miezi mitatu kukomaa, kwa hiyo kila wiki ya ukimya ni wiki nyingine ya mpira shingoni. Kitengo hakikututajia habari hiyo mpaka sisi wenyewe tulipouliza. Isitoshe, wakati huo wote alikuwa akitolewa damu ya vipimo kwenye mikono yote miwili, ilhali mkono uliokusudiwa kufanyiwa upasuaji ulipaswa kutunzwa usichomwe ovyo.

Kuhusu kupandikiza figo, hali ni hiyo hiyo. Muhimbili walianza upandikizaji mwaka 2017 na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, mwaka 2018, na Dodoma iko kwenye njia yetu ya reli ya kati. Hata hivyo, kwenye benchi la wasindikizaji bado kuna watu wanaoamini kwamba lazima uende India, au kwamba anayetoa figo moja hufa mapema. Mtoaji aliyepimwa ipasavyo huishi vyema na figo iliyobaki. Ugumu uko kwenye upimaji wenyewe, kwa sababu kundi la damu na tishu lazima vilingane vya kutosha, na mtoaji hatakiwi kuwa na kisukari wala figo zenye kasoro. Katika ukoo kama wetu, ambamo kisukari kimepita nyumba hadi nyumba, sharti hilo peke yake limewaondoa wengi. Mgonjwa naye ajue kwamba figo mpya huwekwa chini ya tumbo, za zamani kwa kawaida zikaachwa mahali pake, na kwamba dawa za kuzuia mwili usiikatae humezwa kila siku maadamu figo hiyo inafanya kazi. Kikao kimoja cha familia na daktari kingetosha kuyasema haya yote, na hakijawahi kuitishwa.

Gharama sitaziandika kwa tarakimu, kwa kuwa hutegemea bima. Ulizeni kabla ya siku ya kwanza iwapo kadi inalipia awamu tatu kwa wiki, maana kupunguza hadi mbili ili kubana matumizi huacha sumu na maji mwilini, na hesabuni pia kodi ya chumba: sisi tumepanga Isevya, kwa sababu kwenda na kurudi Urambo mara tatu kwa wiki kulimchosha kuliko ugonjwa wenyewe.

Kwa usalama wa mashine, maji na mikono ya wauguzi, kitengo hiki nakipendekeza bila wasiwasi. Anayekwenda hapo na mpira shingoni aombe, katika wiki ya kwanza, tarehe ya kumwona daktari wa upasuaji, na aombe iandikwe kwenye faili. Sisi tumeipata yetu, na barua ya rufaa ya Dodoma kwa ajili ya binamu yangu aliyejitolea kupimwa imekwisha kusainiwa.